Shajara ya tenki la futi nne: kuwahamisha Kapteni, Embe na wenzao

Jumamosi 5 Julai

Nimelipata leo! Tenki la futi nne, kioo cha milimita kumi, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, ukizidisha inakuja lita 270 likijaa mpaka ukingoni, na mimi samaki wangu saba wanaishi kwenye lita 63 tangu wakiwa na sentimita tatu, sasa hivi mkubwa wao ana tisa. Nimelitafuta tangu mwezi wa pili. Jipya la saizi hii bei yake siiwezi, na kila la mtumba ninaloitiwa nikifika nakuta limepasuka au mtu kashalichukua.

Kwa ambao hawajui, samaki wangu ni wale wa njano wa Ziwa Nyasa, jina la kitaalamu Labidochromis caeruleus. Ziwa letu kabisa, ila hawa wamezaliwa kwenye matenki kizazi baada ya kizazi, ziwa lenyewe hawajawahi kuliona. Wako kwenye kundi linaloitwa mbuna, neno la upande wa Malawi ambalo wafugaji dunia nzima wamelichukua hivohivo. Ni samaki wa kwenye miamba, dume anachagua pango lake na kulilinda. Sasa kwenye tenki dogo pango moja linatosha kuwa himaya ya tenki zima na ndo kinachotokea kwangu, Kapteni ameshika kona yote ya kulia na wengine sita wamebanana nyuma ya filta. Embe mkia umeraruliwa mara mbili. Binti yangu ndo aliyewapa majina, na wiki iliyopita akaniuliza, baba, Embe analala saa ngapi kama Kapteni anamfukuza muda wote? Sikuwa na jibu, na toka siku hiyo sijatulia.

Tenki lilikuwa Mikocheni kwa mama mmoja anahamia Dodoma. Shikamoo mama, marahaba baba, karibu, lile pale verandani. Limekaa kavu miaka miwili. Alitaka laki tatu, nikamwonesha silikoni ya pembe ya nyuma inainuka ukiigusa na kucha, tukaelewana laki mbili na ishirini pamoja na stendi yake na filta ya nje, lile kopo kubwa lenye mipira miwili. Mama wa watu kabla hatujalibeba akalipangusa vumbi kwa kanga yake akasema mfugie vizuri, mimi wangu niliishi nao miaka tisa.

Kioo cha milimita kumi ni kilo 25 kwa kila mita ya mraba, nilipiga hesabu nikiwa pale pale ikaja kama kilo 55 likiwa tupu, tukalibeba watu wanne. Nimekodi kirikuu elfu arobaini. Tenki halilazwi jamani, linakaa kwa kitako chake kama litakavyokaa ndani, chini nimeweka godoro la zamani, ubavuni mablanketi, na ndani lisibaki jiwe wala maji hata kidogo. Tumepita Sam Nujoma mpaka Ubungo, tukashika Mandela mpaka Tabata, kila tuta naomba kijana apunguze. Akaniuliza kaka humu kuna nini? Nikamwambia bado hamna kitu mdogo wangu, ila kutakuwa na roho saba. Kuanzia hapo akaendesha taratibu mwenyewe bila kuambiwa.

Kitu cha mwisho kabla ya kulala, na hiki ndo nataka mtu yeyote anayehamisha samaki akishike kuliko vyote: nimetumbukiza sponji mbili mpya za filta kwenye tenki la ZAMANI, jirani na filta inayofanya kazi. Samaki anatoa amonia muda wote, kwenye matamvua na kwenye kinyesi, na amonia inaunguza. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, afu wengine wanaigeuza kuwa nitreti ambayo anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Hao bakteria wengi wao hawaelei kwenye maji, wameng'ang'ania kwenye sponji, kwenye mawe, kwenye mchanga. Ndo maana mtu anabeba maji yote ya zamani kwa ndoo, anafua filta ikawa safi, anahamisha samaki, wiki ya pili wanakufa mmoja mmoja anasema kioo kilikuwa na mkosi. Mimi sponji zinatangulia, samaki baadae.

Jumapili 6 Julai

Kuosha. Sabuni hapana, hata tone, ikibaki kwenye silikoni huitoi. Nimetumia siki. Kulikuwa na mstari mweupe wa chokaa ule unaoachwa na maji yanayopungua, nikalowanisha vitambaa vya pamba na siki nikavibandika juu ya mstari nusu saa, ukaachia wenyewe nikaupangusa. Jioni nimesugua chumvi tupu na maji nikasuuza mara nne.

Stendi imenisikitisha. Kwa nje inapendeza ila ni yale mabao ya kubandika, mguu wa nyuma umelowa zamani ukavimba, ukibonyeza kidole kinaingia. Maji lita moja ni kilo moja. Tenki likijaa, na mchanga na mawe na kioo chenyewe, inafika kilo 330 hivi. Siiweki hapo.

Jumatatu 7 Julai, Sabasaba

Wengine wako maonesho barabara ya Kilwa, mimi niko uani nimeliweka tenki juu ya mbao na magazeti nimetandika kuzunguka pembe zote. Magazeti ni kwa sababu tone moja kwenye sakafu ya saruji linakauka hulioni, kwenye gazeti linaacha alama. Nikajaza na mpira robo, nikasubiri saa moja, nusu, nikasubiri, robo tatu. Mpaka saa nane mchana kavu. Saa kumi hivi binti akaniita, baba gazeti la huku lina doa. Pembe ya nyuma kushoto, ileile. Ukiweka kidole unasikia ubaridi, afu baada ya dakika nzima ndo tone linajitokeza, dogo kama kichwa cha kiberiti.

Bora limevuja hapa uani kuliko sebuleni likiwa na samaki.

Jumatano 9 Julai

Nimemwita fundi vioo. Yeye kazi yake ni madirisha na aluminiamu na aliniambia wazi, bosi mimi tenki sijawahi, ila silikoni naijua. Nilimpenda kwa hilo, tumefanya pamoja.

Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, kwahiyo huwezi kupaka kiraka juu ukasema umemaliza, inabidi kukwangua yote ya ndani. Nimekaa chini saa tatu na wembe. Wembe unaulaza kabisa kwenye kioo, unausukuma mbele, silikoni inajikunja inatoka kama utambi, na ukifika sehemu nzuri unaweza kuvuta kwa vidole ikaja ndefu futi nzima, ukifika sehemu mbaya inakatikakatika vipande vidogo na inabaki ngozi nyembamba ambayo kwa macho huioni, unaipata kwa kupitisha kidole, inakwama kidogo. Hiyo ngozi ndo adui. Muhimu pia usiguse ile silikoni iliyoko katikati ya kioo na kioo, ile ndo imeshika tenki, ya ndani ni kinga. Tumetoa yote pembe zote nne na chini, maana kama moja imechoka zingine nazo umri ni uleule.

Fundi akapangusa kwa asetoni, akabandika tepu ya karatasi pande mbili kuacha njia ya sentimita moja, akapiga silikoni bila kusimama pembe nzima, akapitisha kidole kilicholowa mara moja tu kutoka juu mpaka chini na tepu ikatolewa hapohapo kabla haijaanza kukauka. Silikoni ni ile inayonukia siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni nyingi zina hiyo dawa na inaua samaki, soma kopo. Chupa mbili elfu kumi na nane. Nyumba nzima inanukia siki, mke wangu amefungua madirisha yote na hajasema neno namshukuru.

Sasa ni wiki nzima siligusi.

Jumamosi 12 Julai

Jambo ambalo sikulipanga. Embe ana mayai mdomoni.

Nimegundua asubuhi wakati wa kula, wote wamekuja juu yeye kabaki chini. Nikapiga magoti nikamwangalia kwa karibu. Koo limeshuka kama kabeba kitu chini ya kidevu, mdomo haufungi sawasawa, na kila baada ya sekunde chache anafanya kama anatafuna, wakati hajala chochote. Ni mayai anayageuzageuza maji mapya yayafikie. Hawa ndo ulezi wao, jike anataga, anayachukua mdomoni, anakaa nayo wiki tatu hivi na muda wote huo hali. Na huyu mkia bado haujapona.

Nilikuwa nimepanga kuhamisha tarehe 26. Hesabu yake inaangukia kama tarehe 2 mwezi wa nane. Jike akishtuka sana anaweza kuyatema au kuyameza. Nawaza.

Jumamosi 19 Julai

Wiki imepita, jaribio la pili. Nilijaza Jumatano jioni mpaka leo, siku tatu, magazeti makavu pembe zote nne. Nimepitisha kiganja chini kabisa, kavu. Alhamdulillah.

Stendi mpya imekuja, nimechongesha kwa fundi wa kuchomelea Gerezani, skwea paipu za 40 kwa 40, miguu sita, laki moja na nusu na rangi mbili za kuzuia kutu. Tulipoiweka sebuleni na pimamaji, povu likakimbilia kushoto, sakafu ya chumba ina mteremko wa milimita sita toka ukuta mpaka ukuta na miaka yote tunaishi humu hatujui. Kioo hakipindi, upande mmoja ukiwa chini uzito unaegemea huko na pembe ndo inaumia. Tumeweka vipande vya bati chini ya miguu miwili mpaka povu likatulia katikati kwa urefu na kwa upana. Juu ya stendi plaiwudi, juu ya plaiwudi sponji nyembamba ya kuweka chini ya godoro, ili hata punje ya mchanga ikikaa hapo isije ikawa msumari chini ya kioo.

Mke wangu ameuliza LUKU. Swali la haki. Filta wati 20, pampu ya hewa wati 5, taa wati 15 kwa masaa nane. Inakuja karibu yuniti 22 kwa mwezi. Nimemwambia taa nitapunguza iwe masaa sita, samaki hawaihitaji sana, ni sisi tunaowatazama.

Jumapili 20 Julai

Mchanga ni wa kawaida wa kujengea, kilo 30, nimeuchekecha na kuuosha ndoo baada ya ndoo. Niliacha kuhesabu kwenye suuzo la kumi na moja. Wa baharini sikutaka, una chumvi na uchafu mwingi.

Mawe nimetumia yale ya matumbawe ya nchi kavu, ambayo watu wanajengea msingi. Ukidondoshea siki yanatoa povu, maana yake yana chokaa, na kwa samaki wa Ziwa Nyasa hicho ndo unachotaka kwasababu maji ya kule pH yake, kile kipimo cha uchachu wa maji, iko kati ya 7.7 na 8.6 na chokaa inaivuta juu na kuishikilia. Ungekuwa na samaki wa mito ya Amazon mawe haya ungeyakimbia. Nimeyachemsha, nikayapanga kabla ya mchanga, jiwe likae kwenye kioo chenyewe juu ya kipande cha plastiki, mchanga uje kuzunguka. Ukiweka mchanga kwanza afu jiwe juu, mbuna wanachimba, siku moja linaporomoka na kioo kinapasuka.

Nimepanga rundo mbili, kulia na kushoto, katikati wazi, mapango mengi kuliko samaki. Nilihesabu kumi na sita. Kapteni achague moja, mengine ya wenzake.

Jumanne 22 Julai

Maji. Kisima cha hapa mtaani kina chumvi, mtu unaisikia mdomoni kabisa, kwahiyo natumia ya bomba yanayotoka Ruvu. Yanawekwa klorini ili sisi tusiugue na ni jambo jema, ila klorini hiyohiyo inachoma matamvua na inaua bakteria wangu. Nimejaza mapipa mawili tangu Jumapili na pampu ya hewa ndani, siku mbili inaruka yenyewe, na bado nimetia dawa ya kuondoa klorini kwa uhakika. Nimejaza mpaka sentimita 45. Bombani pH ni 7.4, leo jioni ndani ya tenki na yale mawe imefika 7.8. Joto nyuzi 25. Hiki kipupwe kimekuja wakati mzuri, maji ya baridi yanashika oksijeni nyingi kuliko ya moto.

Filta ya nje nimeiwasha ikakoroma dakika mbili ikatoa hewa yote ikanyamaza.

Ijumaa 25 Julai

Nimeamua kuhusu Embe. Habebwi. Anabaki kwenye tenki la zamani peke yake, atulie, ale akimaliza, na vifaranga wazaliwe pale pale. Kwake nabakiza sponji moja kati ya zile mbili mpya kwenye filta nyingine ndogo, samaki mmoja asiyekula inamtosha. Filta ya zamani yote kama ilivyo na uchafu wake, pamoja na sponji ya pili, inahamia kubwa.

Leo hawajala. Matumbo matupu, maji hayachafuki njiani. Nimebadilisha theluthi ya maji ya tenki dogo, na hii ina sababu. pH ya tenki dogo ilikuwa imeshuka mpaka 7.2. Amonia kwenye pH ya chini nyingi inakaa katika hali isiyo na madhara makubwa, ila pH ikipanda toka 7 kwenda 8 ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Kwahiyo ukimtoa samaki kwenye maji machafu ya pH ndogo ukamtia kwenye pH kubwa pamoja na maji yake, unaweza kumuua kwa maji aliyokuwa anaishi nayo jana bila shida.

Jumamosi 26 Julai, siku yenyewe

Saa mbili asubuhi. Kwanza mawe yote nje, ukimfukuza mbuna na neti wakati mawe yapo utamjeruhi bure. Nikashusha maji mpaka theluthi. Kipande cha plastiki nimekata kugawa tenki, Embe upande wake hajui kinachoendelea. Neti mbili, moja imesimama, nyingine inasukuma taratibu. Limau akaingia wa kwanza, wanne wakafuata, Kapteni wa mwisho, na huyu alinirudisha mara saba, anasimama anakuangalia, ukifika anapita pembeni.

Ndoo yenye mfuniko, pampu ya hewa ndani. Nimetumia mpira wa dripu wa duka la dawa, unafyonza maji kutoka tenki jipya, kile kigurudumu unakikaza mpaka yadondoke matone, mawili matatu kwa sekunde, afu baadae kidogo nimefungulia zaidi. Zoezi lote saa moja na nusu. Binti alikaa na daftari anapima pH ya ndoo kila dakika ishirini: 7.3, 7.4, 7.6, 7.6, 7.7. Maji ya ndoo yakizidi tunamwaga, hayaingii kwenye tenki.

Taa imezimwa, nikawatoa mmoja mmoja na neti. Limau alizama moja kwa moja kwenye mchanga akakaa hapo kama dakika mbili tumbo linagusa chini, moyo wangu ukasimama. Afu akainuka akaenda katikati, pale wazi, akanyoosha mapezi yote ya mgongoni akaogelea toka kioo cha kushoto mpaka cha kulia bila kugeuka. Sijawahi kumuona samaki wangu akiogelea umbali huo. Kule kwengine kila baada ya viganja vitatu kulikuwa na ukuta.

Kapteni kachagua pango la chini kushoto. Wengine watano hata hawako karibu nae.

Jumapili 27 Julai, usiku wa manane kwenda Jumatatu

Umeme umekatika saa nane usiku, nimeamka kwa ukimya, nilishaizoea ile sauti ndogo ya maji. Pampu ya betri nikaiwasha kwa Embe kwanza, ya pili kwenye kubwa. Filta ya nje ni kopo lililofungwa, maji yakisimama ndani bakteria wanamaliza oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi ule uozo wote unamwagwa juu ya samaki. Kwahiyo nimeifungua, sponji nimezining'iniza kwa uzi ndani ya tenki juu ya mapovu ya pampu zipate hewa, nikakaa na tochi. Umerudi saa mbili asubuhi. Nimesuuza kopo kabla ya kurudisha. Kazini nimechelewa.

Jumatano 30 Julai

Amonia 0.25, nitraiti 0.5. Sikutegemea sifuri baada ya usiku ule, ila nilipoona rangi ya kijani ya amonia kwenye kichupa cha kupimia nilijisikia vibaya sana. Nimebadilisha lita 80, kesho 80 zingine. Chakula nusu, mara moja kwa siku. Nimeweka pia chumvi ya mawe gramu moja kwa lita, kwasababu kloraidi ya kwenye chumvi inazuia nitraiti isiingie kwenye damu kupitia matamvua. Wanapumua kawaida, hakuna aliyeenda juu kuhema. Nilikosea mahali pamoja: niliwalisha Jumapili kama kawaida kwa furaha, wakati bakteria ndo kwanza wanahamia. Ningesubiri siku mbili.

Ijumaa 1 Agosti

Amonia 0, nitraiti 0.1 hivi. Inashuka.

Jumapili 3 Agosti

Wametoka!

Nilikuwa na kikombe cha chai, jua la asubuhi linapiga kwenye tenki dogo, nikaona kitu kama punje ya mchele chini ya filta, kina macho. Nikamwita binti, akamwita mama yake. Tukahesabu kumi na nne, baadae kumi na saba. Wana urefu wa sentimita moja na tayari ni samaki kamili, wanjano hafifu, ukingo mweusi wa pezi la mgongo unaonekana kama umechorwa na penseli. Embe amekonda, tumbo limeingia ndani kabisa, ila mdomo umefungwa na koo limerudi. Nilisogeza kidole kwenye kioo, vifaranga wawili wakamkimbilia usoni, akafungua mdomo wakaingia, akakaa nao kidogo, akawatema tena taratibu. Mke wangu akasema mama ni mama tu. Hakuna aliyeondoka pale mpaka chai ikapoa.

Embe nimempa chakula kidogo sana mara nne leo. Vifaranga wanapewa chakula hichohicho nimekisaga kwa vidole kikawa unga.

Ijumaa 8 Agosti, Nane Nane

Amonia 0, nitraiti 0, nitreti 10 kwenye tenki kubwa, siku tano mfululizo. Embe ameshiba, tumbo limejaa, mkia umeota mpaka karibu na mwisho. Leo amehamia.

Kumwingiza samaki kwa wenzake wenye wiki mbili za mipaka ni kumtafutia kipigo, kwahiyo kwanza nimezima taa nikavuruga mawe yote ya upande wa kulia na kubadilisha mlango wa pango la Kapteni. Kila mtu akawa mgeni. Embe akapata dripu yake saa moja na nusu, akaingia giza. Kapteni akaja, akanyoosha mapezi, akatetemeka mbele yake, akamfuata viganja viwili, akarudi kwenda kushughulika na mchanga wa mlango wake mpya. Embe akasogea kulia chini ya lile jiwe bapa, mdomo unaonekana tu. Saa kumi na mbili jioni nilipotupa chakula alikuja juu na wenzake, saba wote.

Tenki dogo limebaki la vifaranga kumi na saba, mdomo wa filta nimeufunga kwa kipande cha chandarua wasifyonzwe. Binti ameandika moja mpaka kumi na saba kwenye daftari na ameacha nafasi za majina. Fundi vioo anakuja Jumapili kupima vifuniko, safari hii nitataka vipande viwili vyenye uwazi nyuma wa kupitisha mipira, na kingo zipigwe msasa. Jumamosi nabadilisha lita 70.